Maji Kabla ya Dawa

Usagara, Tanga

Upendo mwanangu,

Sikuandikii habari za sabuni wala chandarua. Begi umelifunga vizuri kuliko ambavyo ningelifunga mimi, na shangazi yako amekujazia vitumbua vya kulisha kijiji kizima. Ukipotea njia utauliza, mdomo unao, tena mkubwa. Naandika kwa sababu ya maneno uliyoyasema leo jioni uani, wageni wakiwa na sahani mikononi.

Rafiki yako alikuuliza kama huogopi kwenda kukaa Mkwaja, kutunza bustani ya hoteli chini ya msimamizi usiyemjua. Ukaweka mkono kiunoni, ukacheka. "Nimwogope nani? Rajabu? Mwambieni mtoto wa Mama Bomba anakuja, alifiche vizuri hilo jicho lililobaki." Ua mzima ukaangua kicheko. Shangazi yako akapiga kigelegele. Na mimi nikacheka, Upendo. Nilicheka kabla sijajua ninachekea nini, kama mtu anavyopiga chafya. Kisha pilau ikanishinda. Nikaiweka sahani juu ya ndoo, nikaingia ndani, nanyi mkadhani nimeshikwa na uchungu wa kukuaga.

Hadithi ile uliikuta. Ulianza kuisimulia kabla hujaota meno ya pili: kwamba mimi, mama yako, nilimpiga mwanamume mzima nikamtoa jicho kwa sababu aliniharibia kazi, na yule mwanamume akaogopa hata kwenda polisi. Shuleni ulitembea nayo kama mwenzio anavyotembea na jina la baba askari. Sikuwahi kukaa chini nikakuhadithia, lakini kila iliposimuliwa mbele yangu sikuikanusha, na mara nyingine niliitia chumvi. Mwanamke anayezunguka majumba ya matajiri kule Raskazone peke yake na bomba la dawa mgongoni, jina la kutisha linamfaa. Walinzi walinifungulia geti haraka. Madereva wa bajaji hawakunitania. Nililipenda jina langu.

Sasa unakwenda kufanya kazi chini ya mtu mwenyewe. Siwezi kukuacha uende kwake na hadithi ile mdomoni, maana nusu yake ni uongo na nusu iliyobaki ni mbaya kuliko unavyodhani.

Nianze na babu yako, kwa sababu ndiye aliyenikunja ningali mbichi. Unajua alitoka bara akiwa kijana kuja kukata mkonge, akabaki. Usichokijua ni jinsi kambi ile ya wakata mkonge ilivyokuwa na vipigo. Watu walipigana kama wengine wanavyosalimiana: kwa zamu ya maji bombani, kwa kuku, kwa mke, kwa neno la jana. Nimemwona mtu akipasuliwa bega kwa kisu cha mkonge kwa ajili ya kipande cha sabuni, na mwenye sabuni akaendelea kufua. Babu yako alinipiga kwa mkanda, kwa ufagio, kwa chochote kilichokuwa karibu, na akimaliza alinifuta machozi kwa kiganja chake kigumu na kuniambia, "Anayepiga kwanza ndiye anayelala usingizi." Alikuwa Mlutheri safi, akiimba besi kwenye kwaya, na Jumapili hakumgusa mtu mpaka ibada iishe.

Nilimsadiki. Siku moja mtoto wa mnyapara alinisukuma kwenye foleni ya maji, nikamvunja pua kwa mtungi. Mama yangu alilia kwa hofu. Babu yako aliniita, akanipeleka dukani, akaninunulia soda. Katika utoto wangu wote hakuwahi kuninunulia kitu kingine, mimi peke yangu, kwa mkono wake. Baridi ya chupa ile naikumbuka mpaka leo.

Bomba nalo nililijulia huko huko shambani. Kazi ya kupalilia kwa jembe ilikuwa ya kila mtu, lakini watu wa dawa walikuwa wachache na walijiona. Walipewa buti. Hawakula pamoja na watu wa jembe, wala hawakujibizana na wachota maji waliowajazia mabomba; walinyoosha kidole tu. Nilipopata bomba langu na mimi nikaanza kunyoosha kidole. Na nisikufiche: nilipenda kuua. Nilipenda kupita katikati ya mistari ya mkonge asubuhi, magugu yamesimama kiunoni kwangu yakitikisa vichwa, na kesho yake kuyakuta yamelala. Niliyatukana nikiyanyunyizia. Niliyapa majina ya watu.

Ndivyo nilivyofika Raskazone, nikiwa na bomba, jina, na baadaye kidogo nawe tumboni. Baba yako, Mungu amrehemu, alikuwa njiani na malori, akirudi anapopenda.

Nyumba ile umepita nje yake mara nyingi, ile ya zamani yenye veranda ndefu na vigae vyekundu, iliyogeuzwa ofisi. Wakati ule mama mmoja mwenye mali ndiye aliyekuwa ameichukua, na nyuma yake kulikuwa na uwanja mpana wa ukoka ukishuka kuelekea baharini. Ukoka wenyewe ulikuwa umeliwa na magugu. Ndago imejaa kama nywele, kifauongo kimetambaa, na mbigiri zinachoma nyayo. Yule mama alitaka kumfanyia binti yake sendofu pale, ya kumuaga kabla ya ndoa, wanawake wavue viatu wacheze juu ya majani. Akaniita. Nikamwambia, "Mama, mimi nitayaua yote." Nilisema hivyo, kwa kujipiga kifua.

Rajabu nilimkuta. Yeye alikuwa mtu wa maji, mrefu, kimya, suruali imekunjwa mpaka magotini, kofia ya kiua ambayo aliitundika kwenye tawi la mti wa mkungu kila alipoanza kazi. Mzaliwa wa Mkwaja. Alikuwa na tabia ya kumwagilia kila siku baada ya sala ya alasiri, uwanja mzima, kidogo kidogo, kona kwa kona, akinong'ona na majani kama yaya. Mlinzi alimtania siku moja kwamba ataoa ukoka. Rajabu akamjibu, "Kwetu visima vina chumvi, yakhe. Maji matamu tuliyafuata mbali. Mimi mpira wa maji uko mkononi, halafu kiumbe cha Mungu kife kiu mbele yangu? Nitajibu nini huko niendako?"

Wewe umesomea bustani, unajua kosa la maji yale. Yalilowesha ngozi ya udongo tu. Ukoka unaopewa kidogo kila siku haushushi mizizi, unakaa juu juu unangoja, na ndago inakaa pembeni inakunywa pamoja nao na kuzaa. Maji yanatakiwa mengi kwa mara moja, yazame, kisha uwanja ukae siku kadhaa ukauke juu. Mimi hilo nililijua nusu. Ningeweza kumwambia hiyo nusu. Sikumwambia, kwa sababu alikuwa mtu wa maji na mimi mtu wa dawa.

Asubuhi ya kwanza nilinyunyizia uwanja wote, dawa ile isiyoua ukoka ikipimwa vizuri. Nikamaliza, nikamkuta anafungua geti dogo, nikamnyooshea kidole. "Wewe. Leo usimwagilie."

"Kwa nini, bibie?"

"Kwa sababu nimesema."

Hayo ndiyo mazungumzo yetu yote, Upendo. Niliyarudia kichwani miaka mingi nikitafuta kama kuna neno nimelisahau. Hakuna.

Sasa mtazame yeye. Anatoka kusali alasiri, jua limewaka kutwa, anakuta majani yamejikunja, yamepinda shingo, yamelala chini. Mimi ningeyaona ningefurahi, maana hiyo ndiyo alama kwamba dawa imeingia. Yeye hakuwahi kuambiwa alama hiyo. Yeye aliona kiu. Aliona kitu kinakufa na akaona kwamba mwanamke mwenye bomba amemkataza kukipa maji bila sababu. Akafungua mpira. Dawa yote iliyokuwa bado juu ya majani ikaoshwa ikaenda ardhini, na wiki iliyofuata magugu yakanyanyuka yakanicheka.

Nilipogundua udongo umelowa nilimtukana. Sitaandika matusi yenyewe, wewe unayajua, umeyarithi. Kisha nikafanya la pili la kijinga: nikazidisha dawa maradufu kwa hasira. Dawa kali kupita kipimo huunguza jani kabla jani halijaipeleka chini kwenye mzizi. Ndago ikaungua juu, ikanyamaza siku chache, ikachipua upya kutoka kwenye vile viazi vyake vidogo vya chini, tena kwa wingi. Ukoka ndio ulioumia, ukatoka mabaka ya njano kama ngozi ya mtu mwenye mba. Na Rajabu akaona njano ile, akaongeza maji.

Yule mama akaniita verandani. Akasema akiona mabaka mengine atatafuta mtu mwingine, na kwamba amesikia wanaume wanaifanya kazi hii vizuri zaidi. Nilishuka zile ngazi nikiwa siuoni uwanja. Kufikia getini nilikuwa nimeshamjengea Rajabu kesi nzima: anafanya makusudi, hataki kuamrishwa na mwanamke, tena wa bara, tena wa kambini, bila shaka kuna mtu wa bomba mwingine amemtuma. Sikio la kufa halisikii dawa, na mimi siku zile sikio langu lilikuwa limekufa kabisa.

Nikanyunyizia mara ya tatu. Nikamkataza kwa kidole. Nikatoka na bomba langu mbele ya macho yake, nikazunguka, nikaingia kwa upande wa jikoni, nikajibanza nyuma ya tangi. Nilikaa pale kutwa kwenye jua, na mimba yako imeshaonekana, nikila hasira yangu kama mtu anayetafuna miwa. Alasiri akaja. Akatundika kofia. Aliyatazama yale majani yaliyojikunja, akatikisa kichwa, akasema "Bismillahi," akafungua maji.

Katika hadithi yako nilimpiga mara moja, uso kwa uso, na yeye akajaribu kurudisha. Si kweli. Nilimtokea nyuma. Nilikuwa na mrija wa chuma wa bomba, ule wenye nozeli ya shaba mbele inapotokea dawa, na ndani yake dawa bado imo. Nilimpiga mgongoni. Akageuka akiwa ameshangaa tu, mikono imeshika mpira, hakuinua hata mmoja. Nikampiga usoni. Nilisikia. Wewe umepasua midomo na umevunja mfupa, lakini hujawahi kusikia kile nilichokisikia, na naomba usiwahi. Kilikuwa kitu laini. Akapiga magoti. Na alipokuwa amepiga magoti, nikampiga tena.

Hilo la mwisho halimo kwenye hadithi. Halimo kwa sababu mlinzi alifika baada yake, na mimi sikulisema.

Damu ilikuwa inapita kati ya vidole vyake inadondoka kwenye ukoka. Mkono wa pili ulikuwa unapapasa chini. Nilidhani anatafuta jiwe anirushie, nikaukamata mrija vizuri. Alikuwa anautafuta mpira. Akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Yafunge maji, bibie. Yanamwagika bure."

Sikuyafunga. Mlinzi ndiye aliyeyafunga.

Pale hospitali askari alikuja. Nilikuwa nimesimama nje ya mlango wa wodi, kwa sababu mlinzi alinishika mkono asiniachie niondoke. Nikasikia mdogo wake Rajabu akipiga kelele, "Mtaje! Mtaje huyo dhalimu, leo leo alale ndani!" Rajabu akamwambia askari kwamba aliteleza kwenye majani mabichi akaangukia bomba la chuma. Mdogo wake akapiga ukuta kwa ngumi. Askari alipotoka, mdogo akauliza kwa nini. Rajabu akasema, "Ana mtoto tumboni. Akazaliwe mahabusu, kisa jicho? Jicho lenyewe halirudi."

Basi hakuogopa. Kila uliposema aliogopa, nilikuwa najua. Ulikuwa unamcheka mtu aliyekufanya uzaliwe nyumbani kwenu na si penginepo, na mimi nilikuwa nimekaa pembeni naparua magamba ya samaki.

Nilirudi nyumbani nikalala. Nilipiga kwanza, nikalala usingizi, kama babu yako alivyoniahidi. Hospitali sikurudi. Ndugu zake ndio waliomtimizia kila alichohitaji, kisha wakamchukua kwao Mkwaja, na mimi nikabaki Raskazone na bomba na mpira, vyote viwili vyangu, na hakuna wa kumlaumu.

Nami nilishindwa, Upendo. Nilifunga maji kabisa. Kiangazi kikakaza. Nikanyunyizia na magugu hayakushtuka, yamejaa vumbi, yamefumba, yana kiu, na kitu chenye kiu kiasi kile hakinywi hata sumu. Nilipiga bomba lile chini nikalipasua. Nikaazima jingine. Kisha, kwa bahati tu, mvua ikanyesha usiku kucha, mvua isiyo ya majira. Kulipokucha magugu yalikuwa yamenona, yamefungua majani, yana uroho. Nikangoja umande ukauke, upepo wa bahari ukiwa bado haujaamka, nikanyunyizia kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kopo, si zaidi. Siku ile haikunyesha, na kesho yake haikunyesha. Yalijikunja, yakageuka rangi, yakafa mpaka chini. Nilipong'oa ndago nikaiona imeoza kwenye viazi, nilikaa kwenye ngazi za veranda nikalia mpaka yule mama akanitumia mtu wa kuniuliza nimefiwa na nani.

Maji ya Rajabu yalikuwa yanatakiwa. Yalitakiwa jana yake. Laiti ningemwambia, "Kaka Rajabu, leo yape maji uwezavyo, yashibe, kesho naingia mimi na dawa, kesho hiyo na kesho kutwa usiyaguse, halafu ukoka ni wako," angefurahi. Angeifanya vizuri kuliko mtu yeyote Tanga. Kazi ilikuwa moja na tulikuwa tumeigawana vipande viwili bila kusemezana.

Sendofu ilifanyika. Wanawake walivua viatu wakacheza. Nilisifiwa, nikapata majumba mengine mawili mtaa ule ule. Pale alipopiga magoti Rajabu ukoka ulikuwa umeota mzuri kuliko kwingine kote, na binti wa watu alisimamishwa hapo hapo kupigwa picha.

Miaka ikapita, ukazaliwa, ukakua, ukaanza kupiga watu. Kuna waliostahili. Yule wa bodaboda aliyekushika mwili ukampasua mdomo kwa kofia yake ngumu, sikukulaumu na leo sikulaumu. Sikukuzaa uwe mkeka. Lakini yule kijana wa chuoni uliyemvunja mfupa wa bega kwa reki, mwaka jana, mkiwa mazoezini? Kosa lake lilikuwa kuwasha maji kwenye kitalu chako kabla ya saa uliyotaka. Nilikwenda kwa wazazi wake, nikapiga magoti, nikawalilia. Kisha nikiwa narudi nawe nyumbani nikasimama njiani nikakununulia chipsi mayai. Ulikula ukinisimulia jinsi alivyoanguka, na mimi nikakuongezea pilipili. Wanasema mwana umleavyo ndivyo akuavyo. Sikuhitaji kwenda mbali kuhakikisha.

Kwa hiyo sikufundishi vipimo vya dawa, vinasomeka kwenye kopo na macho unayo mawili. Ninachokuomba ni hiki: ukifika, kabla hujagusa kopo lolote, mtafute mtu wa maji. Yupo, kila bustani inaye. Kaa naye chini, mle vitumbua vya shangazi yako. Panga naye siku za maji na siku za dawa, umweleze sababu, umwonyeshe jani lililojikunja na umwambie hii si kiu. Akiuliza kwa nini, mjibu. Akiuliza tena, mjibu tena. Na akikosea, kwa sababu atakosea, liweke chini ulilonalo mkononi kabla hujafungua mdomo.

Sasa habari ya Rajabu mwenyewe. Niliwahi kumwona mara moja, sokoni Ngamiani, wewe ukiwa mdogo mgongoni kwangu. Aliniona kwanza kwa jicho lake moja, akafungua mdomo kunisalimu. Nikaingia duka la vitenge, nikajifanya nachagua, nikatokea mlango wa nyuma. Mimi, Mama Bomba, ninayeogopwa Raskazone nzima.

Halafu mwezi uliopita akapiga simu. Hujui tulichozungumza kwa sababu nilikwambia tu, "Rajabu anatafuta mtu wa dawa huko." Alisema, "Mama Upendo? Rajabu hapa, wa maji." Sauti ile ile. "Nasikia binti kasomea majani. Huku hotelini ndago imetushinda, na mimi kijicho kimoja hakitoshi kuiona yote." Akacheka. Hakunicheka mimi, alicheka tu, kama watu wa kwao wanavyocheka. Nilitakiwa kusema neno. Nikasema, "Nitamwambia," nikakata simu. Hata hali yake sikumwuliza. Sijui kwa nini amekuita wewe katika watoto wote waliosomea bustani. Labda anataka mtu wa dawa tu. Labda anataka kumwona mtoto aliyemlipia kwa jicho lake.

Kesho huendi peke yako. Nitapanda gari nawe, tutavuka mto Pangani, nitakaa dirishani na wewe utanuna, sijali. Tukifika hotelini usinitangulie na usinishike mkono. Nitamwendea popote alipo, hata akiwa mbele ya wafanyakazi wake wote, na nitamwambia shikamoo. Rajabu alinizidi umri kwa mbali, na siku zote zile Raskazone nilimwita "wewe." Sijawahi kumwamkia hata mara moja. Baada ya hapo nitamwambia nilimpiga mara ngapi, kwa sababu pigo la mwisho huenda anadhani aliliota.

Huenda akaitikia. Huenda akanitazama akanyamaza, akaniacha nimesimama pale juani na shikamoo yangu, watu wakitazama. Huenda mdogo wake yupo, naye hajaapa kwamba atanyamaza. Huenda akanitemea mate. Hayo yote nimeyapima tangu nilipoiacha ile sahani, na siyaogopi. Nimeyachelewesha tu.

Ninachokiogopa ni wewe. Nakujua. Utasimama nyuma yangu, utamwona mtu akimdhalilisha mama yako, na damu itakupanda kama inavyonipanda mimi. Sasa nisikilize, Upendo, hili moja tu, mengine yote uyatupe baharini. Wakinifanya lolote kesho, usinitetee. Mikono yako iweke nyuma, vidole uvifunge wewe mwenyewe, na uwaache.

Mama yako